Injini Waliyoizika

Tarehe 18 Mei mwaka 1974, siku ya Jumamosi, nilimpoteza mume wangu, na pikapu yake ikafa injini siku hiyo hiyo. Naandika yote mawili katika mstari mmoja kwa sababu ndivyo yalivyonijia. Alfajiri alikuwa ameshuka Mbamba Bay kuchukua usipa, wale dagaa wa ziwani. Alasiri kaka yake mkubwa alikuja nyumbani kwa miguu, shati limemganda mwilini kwa jasho, akasema, "Shemeji, gari limekufa pale juu ya mto."

Nikamwuliza, "Na mwenyewe?"

Akakaa chini kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nimesimama na ungo wa maharage, na nakumbuka kwamba niliendelea kupeta. Nilipeta mpaka maharage yakaisha kwenye ungo, yote yako chini, na mikono bado inapeta. Wanawake wa jirani ndio walioninyang'anya ule ungo.

Walioniona siku zile walisema sikulia. Ni kweli, sikulia. Kichwa kilikuwa kama chumba kilichohamwa.

Mimi ni Mnyasa, mtu wa ziwani, nimebatizwa Anglikana, na shule yangu iliishia darasa la nne. Yeye alikuwa Mmatengo wa milimani, upande wa Mpepai, Mkatoliki. Kinyasa changu hakukijua na Kimatengo chake nilikijua nusu, kwa hiyo ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili. Watu wa kwao walituita nyumba ya bomani, kwa sababu hata tukigombana tuligombana kama karani na mlipa kodi.

Pikapu aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akipima makaa ya mawe Ngaka, muda mfupi baada ya Uhuru. Tayari ilikuwa gari la zamani. Ilikuwa ya dizeli, rangi ya majani makavu, mlango wa kushoto unafungwa kwa waya. Alipanda nayo na samaki, akashuka na mahindi na maharage, na msimu wa kahawa alibeba kahawa ya watu. Tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari mmoja kando ya barabara, pikapu ikasimama mbele ya yetu, kila mtu anaiona. Wenzake walimtania, "Bepari wa usipa, habari za mtaji?" Naye alijibu, "Mtaji unanuka, njooni mnuse." Mgonjwa akipatikana, hata awe wa nani, bepari wa usipa ndiye aliyeamshwa.

Kaka yake alieleza hivi. Alikuwa anatoka shambani, akakuta gari limesimama pembeni ya barabara, limewekewa jiwe nyuma ya gurudumu, na mdogo wake yumo kwenye usukani, amekwisha. Akajaribu kuliwasha gari, halikuwaka. Limekufa, naye amekufa. Ndivyo alivyoeleza msibani, mara nyingi, kwa maneno yale yale.

Mzee wa ukoo alikuwa baba mdogo wa mume wangu. Nilimwita baba. Alisikiliza maelezo yale akasema, "Wamekwenda pamoja." Watu wakalishika neno hilo. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa: wamekwenda pamoja, mtu na injini yake.

Sasa lazima nieleze sengu. Kwa Wamatengo, wanaume wa ukoo hula pamoja. Kila nyumba hupeleka chakula, wanakula kwenye chombo kimoja, na wakishakula ndipo wanapoamua mambo ya ukoo. Mahali pale na kikao kile, vyote huitwa sengu. Mwanamke huweka chakula, akaondoka. Hata baada ya kuhamia kijijini waliendelea, chini ya paa la nyasi nyuma ya nyumba ya mzee.

Tanga lilipoondolewa, sengu ikakaa kwa ajili ya vitu vya marehemu. Shemeji yangu alitaka gari. Hakuficha. Yeye ndiye mkubwa, na kuendesha alikuwa amefundishwa na mdogo wake. Mzee akakata shauri: "Gari bovu halirithiwi. Litembee kwanza, ndipo tujue tunagawa nini. Na litembee kabla ya kahawa."

Niliambiwa maneno hayo na mke wa shemeji, mlangoni, kwa sauti ya chini. Nilielewa. Gari likiwa la shemeji, mimi pale ni mgeni. Sitakuwa na kazi ya kunilisha, nitarudishwa ziwani kwetu, na watoto ni wa ukoo, watabaki milimani. Hakuna aliyekuwa mkali. Ndivyo mambo yalivyokwenda kwa wajane wa ziwani walioolewa kule.

Fundi alitoka Mbinga mjini. Alikuwa Mngoni wa Songea, mrefu, mwenye maneno mengi. Alifungua boneti, akajaribu kuizungusha injini kwa chuma, ikakataa kabisa. Akajaribu tena huku ananing'inia kwenye kile chuma kwa uzito wake wote.

"Imekwama," akasema. "Kuna njia mbili. Tuifungue yote, tuisuke upya. Au tuitoe, tuweke nyingine."

Mzee akauliza, "Njia ipi nzuri?"

"Kusuka ni kuzuri kama vyuma vipo, baba. Vyuma havipo. Kuna vibati laini vinakaa kwenye kranki, ule mhimili unaozunguka ndani, sisi tunaviita metali. Songea hakuna. Iringa hakuna. Dar es Salaam wanakwambia subiri meli. Naweza kuifungua leo mkaisubiri mpaka kahawa ya mwakani."

Nikasema, "Ifungue tu. Tujue imekufa kwa nini."

"Haifunguliwi," shemeji akasema. Alisema haraka mpaka fundi akageuka kumtazama. "Injini aliyofia mtu, unaipekua kama utumbo wa mbuzi?"

"Mtani," fundi akamjibu, "mimi napekua za walio hai na za waliokufa. Zote zina mafuta machafu."

"Babu zako walitupora ng'ombe. Wewe umefuata vyuma."

"Ng'ombe walikuja wenyewe. Walichoka kupanda milima yenu."

Watu wakacheka, hata mzee. Shemeji hakucheka. Akarudia kwamba haifunguliwi, itolewe iwekwe nyingine. Nilidhani anaogopa kifo. Wengi walikiogopa. Mimi nilitaka ile ile isukwe, maana ilikuwa ya mume wangu, mikono yake imepita kila mahali. Lakini sikuwa na neno juu ya neno lake, wala sikuwa na metali.

Hapo nikakumbuka injini ya kaka yangu.

Kaka yangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa na boti Mbamba Bay. Mbao zake zilikuwa zimeoza, akaivuta mchangani, na injini ikabaki ndani imefunikwa kwa makuti. Fundi alipoisikia alipiga paja. "Ile naijua! Ni ndugu ya hii, baba mmoja mama mmoja. Wazungu walikuwa wanaweka injini hizo kwenye magari na kwenye boti vilevile. Mlete huyo bwana na injini yake."

Siku ile ile akaitoa injini ya mume wangu kwenye gari, ili nafasi iwe tayari. Waliitoa kwa mnyororo na magogo matatu, wakailaza uani kwenye vigogo vya migomba. Fundi akarudi mjini kwa wateja wengine. Hakusema itunzwe. Baadaye alisema, nani angefikiri? Chuma kizito kile kingekwenda wapi?

Nikashuka ziwani kwa lori la samaki. Kaka yangu nilimkuta anashona nyavu. Alikuwa amekaa migodini kusini miaka mingi, ndiko alikojifunza kuendesha magari na kuvaa kofia ndani ya nyumba. Nilimweleza yote.

"Injini yangu ipande mlima?" akasema. "Ile imezoea maji, dada. Ikiona Mpepai itaingiwa na baridi."

"Kaka, sina la kutania."

Akaweka nyavu chini. Alikuwa amepanga kutengeneza boti mpya, mbao alikwisha kuziagiza. Alitazama ile boti mbovu muda mrefu. Kisha akasema, "Bora nikose boti kuliko wajomba kukosa mama." Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza kitu. Siku chache baadaye tukapanda wote wawili nyuma ya lori, injini imelazwa kati yetu imefungwa kwa kamba za nyavu, mimi na kitambaa changu cheusi kichwani. Baridi ya Juni ilitupokea njiani, na ukungu.

Tulipofika uani, vigogo vya migomba vilikuwepo. Juu yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na doa la mafuta tu.

Nikadhani imeibwa. Nikaenda kwa mzee, nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mmefika salama?"

"Salama, baba. Injini haipo."

"Ipo," akasema. "Tumeizika."

Nilidhani Kimatengo na Kiswahili vimechanganyika kichwani mwangu. Kaka yangu, aliyekuwa nyuma yangu, akauliza, "Mmefanya nini, mzee?"

"Tumeizika. Injini imekwenda na mtu wake, haiwezi kulala uani kama mbwa. Ilikuwa inaita. Kaka wa marehemu alisema hapati usingizi."

"Mmeizika na sanda?"

"Na turubai."

Nataka niwe mkweli juu ya hili, maana wengine wanaweza kudhani ni mila ya Wamatengo kuzika injini. Si mila. Mila ilikuwa kwamba vitu vya karibu sana vya mtu, kama mkeka aliofia, haviachwi vikizagaa, huondolewa kwa heshima. Injini hakuna aliyewahi kuizika. Mila ile ilizaliwa siku ile, kwa sababu shemeji yangu alilia mbele ya sengu akisema izikwe, na mzee hakuwahi kumwona akilia hata msibani. Wakaona ni jambo zito. Vijana wakaibeba kwa miti, kama msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakipokezana, mpaka mahame, yaani kule tulikoishi kabla ya kuhamishwa. Makaburi ya ukoo yalibaki kule. Wakachimba kando ya kaburi la mume wangu, kwenye shamba la ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, wakaishusha, wakafukia. Mmoja akaanzisha wimbo. Nilipoambiwa kuhusu wimbo, nikashika nguzo ya nyumba. Sikujua kama nilitaka kucheka au kupiga yowe.

Fundi akaja kesho yake. Akaikagua injini ya kaka yangu, akaizungusha, ikazunguka vizuri, akasifu. Kisha akasema, "Haya, lete ile ya zamani."

Nikamwambia ilipo.

Akacheka sana. Alikuwa bado anacheka alipoona nyuso zetu. "Mnasema kweli?"

"Kweli," kaka yangu akasema. "Hata wimbo waliimba."

"Jamani! Hii ya boti haina flaiwili ya gari. Lile gurudumu zito la nyuma. Haina bakuli la chuma la kuishika na gia. Bakuli la mafuta la chini nalo ni la boti, haliingii kwenye chasisi. Vyote viko kwenye ile mliyozika. Bila ile, hili gari ni banda la kuku."

Jioni hiyo nilipika ugali na maharage kama kawaida, nikapeleka sengu. Walikuwepo mzee, shemeji, wanaume wengine wa ukoo, na kaka yangu amekaribishwa kama mgeni. Nikafika mbele yao nikasimama, sikukiweka chakula. Sikuwa nimepanga. Mikono ilikataa kushuka.

"Weka, mama," mzee akasema.

"Bado, baba."

"Ugali unapoa."

"Utapoa, baba. Naomba ile injini ifukuliwe."

Mtu mmoja akakohoa.

"Aliyezikwa hafukuliwi," mzee akasema.

"Mume wangu hafukuliwi, baba. Kile ni chuma. Pale Ngaka wanafukua makaa, hakuna anayeogopa."

"Mashemeji," kaka yangu akadakia, "dada yangu namjua. Alikuwa anabeba debe la maji kutoka ziwani mpaka kanisani bila kulishusha. Mtalala njaa leo."

Vijana wakaguna kwa kicheko. Shemeji akasimama. "Mimi sichimbi," akasema. "Aliyezika na afukue, lakini mimi sichimbi."

Mzee akamtazama. Macho yake yalikuwa na utando wa uzee lakini alimtazama kama anayesoma. "Wewe ndiye uliyesema izikwe," akasema. "Wewe utachimba wa kwanza." Kisha akaniambia, "Weka sasa, mama." Nikaweka.

Tukaenda mahame asubuhi, ukungu ukiwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Mimi niliruhusiwa kuwa pale kwa sababu kaburi lilikuwa la mume wangu. Maua ya msibani yalikuwa yamekauka juu yake. Shemeji alichimba wa kwanza. Alichimba vibaya, jembe linakwenda popote, mpaka wengine wakampokea. Walipolifikia turubai waliitoa kwa kamba na miti, wakailaza juu ya magogo pale pale, kwa sababu fundi hakutaka ibebwe nzima tena. Alisema ataondoa anavyovihitaji, vingine watavirudisha shimoni wakitaka.

Akaitoa flaiwili. Akaigeuza injini, akafungua bakuli la mafuta la chini. Likamwagika tope jeusi kidogo. Akachungulia ndani, akaingiza mkono. Akafungua boliti za fimbo moja ya pistoni, akachokonoa kwa bisibisi, akatoa kitu cheusi, kimekunjamana kama ganda la ndizi lililokauka juani. Akakinusa.

"Ngozi," akasema.

Akatueleza huku anakigeuzageuza. Metali ikikatika njiani, na huna nyingine, dereva anayejua anaingia chini ya gari, anakinga mafuta kwenye debe, anafungua, anaweka ngozi mahali pa metali, anafunga, anarudisha mafuta. Inamfikisha nyumbani. "Lakini uende kama umebeba mayai," akasema.

Akainyoosha ile ngozi. Pembeni palikuwa na matundu mawili, moja pana kuliko jingine. Lile pana nilikuwa nimelitoboa mimi mwenyewe kwa msumari wa moto, mwaka alipougua akakonda, mkanda ukawa hautoshi kumbana.

Siku tuliyomvika maiti, mkanda wake haukuonekana. Suruali ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Wanawake walinong'ona kwamba kuna mtu amemvua mkanda barabarani. Tukamvika suruali nyingine, tukanyamaza, maana msiba ni msiba.

Niliinyooshea kidole ile ngozi tu.

Fundi alikuwa bado anaitazama upande mwingine, ulioungua ukawa kama mkaa. "Imekimbizwa," akasema. "Hii ngozi haikuchakaa, imeungua. Mtu aliikimbiza sana." Akatikisa kichwa. "Lakini marehemu asingeikimbiza. Yeye ndiye aliyeiweka."

Alisema hivyo bila nia mbaya. Alikuwa anaongea na chuma. Lakini sote tulisikia, na mzee akageuka taratibu kumtazama shemeji.

Shemeji alikuwa amekaa chini kati ya kaburi na shimo.

"Alikuwa hai," akasema.

Akaendelea mwenyewe.

"Nilimkuta hai. Jasho linamtoka, hawezi kusema. Alikuwa anashika kiuno. Anavuta suruali ananionyesha, anagonga usukani kwa mkono, anashika kiuno tena. Nikadhani ndipo panapouma. Nikamwambia usishike, tulia, nakupeleka hospitali ya misheni. Nikamsogeza, nikashika usukani. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho."

"Kisha?" mzee akauliza.

"Ikagonga. Ikagonga sana. Ikasimama. Nikambeba."

Nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Alifia wapi?"

"Mgongoni," akasema. "Nikamrudisha garini, kwenye usukani."

Naandika sasa nikiwa mzee na bado sijui jina la kile nilichokihisi. Si hasira. Nilimwona mume wangu chini ya gari kwenye tope, kifua tayari kinamuuma labda, anavua mkanda, anaukata kwa kisu, anafunga boliti moja baada ya nyingine. Kisha anapanda polepole kona zote zile. Kisha nikamwona anashika kiuno. Nilimwona hivyo mara nyingi, hapo hapo nilipokuwa nimesimama, kama mtu anayeoneshwa picha ile ile. Kaka yangu alinishika bega na sikujua ni nani.

Mzee alivua kofia yake, akaiweka juu ya kaburi, akabaki kichwa wazi kwenye ukungu. Hakumtukana shemeji. Alisema tu, "Ungesema. Tungekulilia na wewe."

Fundi hakujua aende wapi, akawa anafuta bisibisi. Hatimaye akasema kwa unyenyekevu, "Mama, samahani. Sasa kwa kuwa iko wazi, njia zimekuwa mbili tena. Kranki ya hii imechubuka, lakini kranki ya boti ni nzima na metali zake ni nzima. Naweza kuzihamishia humu. Injini ya marehemu itasukwa, itatembea. Au niweke ile ya boti kama tulivyopanga. Moja itaishi, nyingine itabaki makombo."

Kila mtu akamtazama mzee. Mzee akanitazama mimi.

"Nitasema mbele ya kaburi," akasema, "ili pasiwe na maneno. Ikisukwa hii, gari ni la nyumba yetu kama lilivyokuwa, na sengu itakaa iligawe. Ikiwekwa ya watu wa ziwani, sisi haturithi moyo wa watu wengine. Gari litakuwa lako na watoto wako, na wewe na watoto mtakaa nalo hapa. Chagua, mama."

Nilitaka ile ya mume wangu. Nasema kweli. Niliitaka mpaka meno yakauma. Ilikuwa imelala pale magogoni, wazi, ina udongo wa kaburini, na ningeweza kusema neno moja tu ikasikika tena barabarani.

"Weka ya kaka yangu," nikasema.

Sikuchagua kwa uchungu wala kwa kumwadhibu mtu. Nilichagua kwa sababu ya watoto. Shemeji aliinamisha kichwa, na sijui kama ilikuwa kukubali au kuchoka. Injini ya mume wangu, kilichobaki chake, ilirudishwa shimoni na ile ngozi ikawekwa ndani yake, pale pale ilipotolewa. Safari hii hakuna aliyeimba.

Fundi alifanya kazi uani kwetu, na kaka yangu akimsaidia, mpaka msimu wa kahawa ukakaribia kabisa. Injini ya boti ilikuwa mbishi. Ikiwa ya moto ilikwenda vizuri, ikiwa ya baridi haikutaka kuamka, na betri ilikuwa imechoka. Asubuhi ya safari ya kwanza kwenda Mbinga tulipakia magunia ya maharage. Mimi nikakaa mbele, kaka yangu kwenye usukani na kofia yake. Shemeji akaja amevaa koti la kanisani. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya kaburini, si kwa ugomvi, tulikosa tu pa kuanzia.

"Shemeji," akaniambia dirishani, "naomba lifti mpaka mjini."

"Panda nyuma, shemeji," nikasema.

"Halijawaka. Ngoja nisukume kwanza."

Akavua koti, akaenda nyuma na vijana wawili. Wakasukuma. Gari likateremka kidogo, likakohoa, likasimama. Wakasukuma tena. Nilisikia pumzi zake zaidi ya za vijana. Likakohoa, likashika, moshi mweusi ukajaa barabara nzima, na gari likaanza kukimbia kwenye mteremko.

"Simama apande!" nikamwambia kaka yangu.

"Nikisimama haiwaki tena, dada!"

Nikageuka. Kwenye kioo cha nyuma nilimwona shemeji akitoka kwenye moshi, anakimbia, koti mkononi, anapunga tusimame. Akakimbia mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji. Kisha akaanza kutembea. Kisha akasimama katikati ya barabara na koti lake, akitutazama. Tukaenda Mbinga bila yeye.